Kwa Kaka Bushiri, Kuhusu Daraja la Bibi

Maisaka,
Babati,
Mkoa wa Manyara.
11 Julai 2004

Mpendwa kaka Bushiri,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Sijaona pamoja na watoto. Kifua chako kinaendeleaje? Ulisema huko Tunduru vumbi la chaki na vumbi la barabara vimekula njama dhidi yako. Tafuna tangawizi, usingoje mpaka ukohoe damu ndipo ukumbuke kwamba una dada aliyekuonya.

Sisi huku ni wazima wa kutembea na kula. Wazima wa moyo hatupo, na ndiyo sababu ya barua hii. Lakini tulilelewa kwamba msiba hautangulii salamu, kwa hiyo nipokelee salamu zangu kwanza, uzijibu moyoni, ndipo uendelee kusoma.

Kabla sijasahau, acha kuandika Arusha kwenye bahasha. Tuna mkoa wetu sasa, mwaka wa pili huu. Barua yako ya Idi ilikwenda kulala Arusha mjini, ikatufikia nguo za Idi zimeshachakaa. Mwalimu mzima hujui mikoa ya nchi yako, unawafundisha nini hao watoto?

Ungekuja leo usingeijua Babati. Kila gari la asubuhi linashusha wageni na magodoro yao: makarani, mafundi, wauza simu, watu wa Rombo, watu wa Singida. Vyumba vya uani tulivyokuwa tunafugia kuku, sasa kimoja anakaa binadamu na anashukuru. Anaitwa Melkiori, kijana wa Rombo, amekaa kwetu mwaka na nusu sasa, kazi yake ni kupakia mchanga kwenye matipa ya wanaojenga majengo ya serikali. Mtaratibu sana, Jumapili haendi popote ila kanisani. Nakutajia kwa sababu ndiye aliyetuletea habari.

Sasa kaa chini, kaka. Mujahid hayupo Mererani. Hajawahi kufika Mererani. Mdogo wetu alikufa mwaka jana, siku ile ile aliyotoka nyumbani.

Najua unavyofikiri, kwa sababu hata mimi nilifikiri hivyo. Alitoka katikati ya masika na baiskeli yake kwenda kukusanya mbaazi zilizobaki kwa wakulima, na asubuhi hiyo alikuwa amenuna, akasema mbaazi hazimlipi tena, heri akajaribu kuchimba tanzanaiti. Hakurudi. Hakuna aliyejua siku hiyo alielekea kijiji gani, maana alikuwa akizunguka kote, Nakwa, Singe, popote penye gunia. Baada ya mwezi mtu akasema amemwona machimboni Mererani, mwingine akasema amemwona na amenenepa. Wewe ukaandika kwamba tumwache, akili ikimkaa atarudi. Basi tukamwacha. Mama akawa anawaambia watu dukani kwamba mwanawe anachimba, na wifi Shadya akawa anasuka nywele kila Alhamisi ili mumewe akirudi ghafla asimkute ovyo.

Mwezi uliopita Melkiori alirudi mapema kutoka kazini, nguo zimejaa tope. Aliniita pembeni ya jiko. "Mama Muhammad, samahani," akasema, "leo tumefukua baiskeli kwenye mchanga. Kule darajani, chini ya Singe. Ile keria yake naijua." Nikamwambia keria zipo nyingi. Akatazama chini, akasema, "Yenye maua ya kitanda ipo moja."

Unaikumbuka. Baba alipofariki mama alikataa kitanda chake kiuzwe, na Mujahid akachukua vyuma vya kichwani, vile vyenye maua, akampelekea fundi akamchomelea keria ya mbele. Mji mzima ulimcheka, wakamwita bwana harusi.

Shadya alikuwa anaanua nguo, na kumbe amesikia. Akasema, "Na mimi nakwenda." Sikumkatalia, mume ni wake. Mama tulimdanganya kwamba tunakwenda Singe kuangalia mahindi.

Daraja lenyewe ni lile Daraja la Bibi tulilokuwa tukiliogopa utotoni. Usijifanye hukumbuki, wewe ndiye uliyekuwa ukilia. Wanasema wakati magogo ya kwanza yanalazwa pale, bibi mmoja aliteleza akazama na mtoto mgongoni, na tangu hapo jua likizama huita watu kwa majina. Anayeitika anamfuata majini, anayenyamaza anapona. Wenyeji hata leo wakipita hudondosha majani mabichi kumtuliza, na mtoto wa pale hufundishwa kunyamaza darajani kabla hajafundishwa kuamkia. Marehemu baba alikuwa akisema jini anayejua majina ya watu wote wa Singe angefaa kuwa mtendaji wa kata.

Siku hizi daraja hakuna. Magogo yalichukuliwa na mafuriko ya masika yale yale, zimebaki kingo za mawe huku na huku, na watu wanavukia mawe katikati. Wageni wa mjini wamelipenda kwa ajili ya hadithi. Jumapili makarani wanakuja na wachumba zao, wanapigana picha, mmoja anajificha chini anamwita mwenzake kwa sauti ya kizimwi, wanacheka, wanarudi kula nyama choma. Na huo mto, kaka, kwa sasa hata kuku anavuka. Nilisimama pale nikautazama, nikaona aibu kwamba maji haya ndiyo yaliyotushinda.

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye kingo, imekula kutu, tairi moja halipo. Maua ya kitanda cha baba yalikuwa yanaonekana vizuri tu. Shadya alijaribu kubonyeza kengele, ikatoa mchanga badala ya sauti. Hakulia. Alimuuliza Melkiori kama wamekuta kitu kingine, Melkiori akasema hapana, na akarudia hapana mara kadhaa bila kuulizwa tena.

Juu kidogo ya mto ipo nyumba, na mama mwenye nyumba alituona tumesimama pale muda mrefu akatuita tupumzike. Ni wenyeji wa siku nyingi, wanaitwa Jovita na mumewe Sylvesta, ila wote hapo huwaita Mama Anselmi na Baba Anselmi. Akatutolea vigoda, akatupa na togwa. Alidhani tumekuja kama wale wa Jumapili, kutazama daraja la jini, na akaanza kutusimulia kabla hatujamuuliza neno. Nakuandikia alivyosema kwa sababu hayanitoki masikioni.

"Msicheze na hapa mahali," akasema. "Watu wa mjini wanacheka tu. Hata sisi alituita, mwaka jana, masika. Mvua inapiga, giza linaingia. Alianza na Baba Anselmi. Halafu ananiita mimi. Baba Anselmi akainuka anataka kutoka, nikamshika sweta. Nikamwambia, ukitoka unaniacha mjane."

Nikamuuliza alimwitaje.

"Mama Mbaazi," akasema, na akacheka kidogo. "Jini linajua mpaka ninachouza."

Kaka, hilo jina alilitunga Mujahid. Hata nyumbani hakuwahi kumtaja kwa jina lingine. Akila wali wetu alikuwa akisema nyie hamjui kupika, ungeonja kande ya Mama Mbaazi wangu. Tulidhani anatania, tukafikiri labda hata mtu mwenyewe hayupo. Na sasa nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake, kikombe chake mkononi.

Shadya akamuuliza kwa adabu kabisa, kama mtoto anayeuliza njia, "Aliita sana?"

"Sana, mwanangu. Maneno mengine hayasikiki, maji yanavuma. Majina tu. Ananiita mimi, anamwita mzee, mimi, mzee. Mpaka mto ukazidi, akanyamaza mwenyewe. Asubuhi tukakuta daraja limekwenda. Mungu alituokoa." Aliyasema kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Shadya akasema, "Alikuwa mume wangu."

Baba Anselmi alikuwa kando anachonga mpini wa jembe. Aliuweka chini. Hakututazama sisi, alimtazama mkewe. "Nilikuambia ni yule kijana wa mbaazi," akasema. "Siku ile ile nilikuambia." Yule mama alikaa na mikono juu ya magoti, mdomo wazi, na togwa yangu ikamwagika nisijue nimeimwaga saa ngapi. Baadaye mzee alitueleza kwamba walipoona Mujahid haji tena, walijisemea amepata wakulima wengine wa bei nafuu, na hawakuligusa tena jambo hilo humo ndani. Mwaka mzima na zaidi, mume na mke, wanalala kitanda kimoja na neno hilo katikati.

Nitakuambia kweli, nilitaka kumpiga yule mama. Mkono ulikuwa tayari. Kilichonizuia ni kwamba mimi na wewe, kama tungezaliwa nyumba ile, tungefunga mlango na kuweka na kinu nyuma yake. Hawakumchukia. Walimpenda, alikuwa akiwaletea sukari na mafuta ya taa bila kutumwa, na wao walimwekea mbaazi zile safi. Aliwaita kwa sababu alijua watakuja. Nadhani alikuwa ameshika gogo. Usiku na mchana nafikiri jambo moja tu, naomba Mungu awe alimjalia kudhani kwamba hawapo nyumbani.

Kuhusu mwili, usiniulize sana. Melkiori na wenzake walikubali kuacha mabeleshi, wakafukua kwa mikono, sehemu yote ile, Mungu awalipe. Hawakupata kitu. Lakini mchanga wa pale umekuwa ukichukuliwa tangu kiangazi kilichopita, tipa baada ya tipa, na mchanga haurudi ulikotoka. Umeshakuwa kuta na sakafu za maofisi. Sisemi zaidi. Ila siku hizi nikienda sokoni nazunguka kwa nyuma, sipiti mbele ya majengo yale, na watu wanafikiri nimeanza kujidai.

Tukaenda kwa sheikh, mimi na Shadya na Baba Muhammad. Shadya alitaka ajue anaanza lini kukaa eda. Sheikh akauliza habari yote, mafuriko, baiskeli, sauti, akawaza sana, kisha akasema kwa upole kwamba kama mume amekufa siku ile, basi eda huhesabiwa kuanzia siku ile, mke awe amejua au hakujua. Eda yake imekwisha zamani. Akamwambia yuko huru. Kaka, ungemwona shemeji yako. Tulipofika nyumbani aliniuliza kama ni haki mtu kumaliza eda amepaka hina, anasuka, anacheka na majirani mlangoni. Tangu siku hiyo amefunika nywele hata ndani, na amekaa chumbani kana kwamba ndiyo anaanza, ingawa hakuna anayemdai.

Wazee wake wa Kondoa wamepata habari. Wanakuja Alhamisi kumchukua yeye na mwanawe Anifa. Siwalaumu, binti yao amekaa kwetu bila mume zaidi ya mwaka, si mke wala si mjane. Anifa sasa anasema kila neno. Ana paji la uso la Mujahid na kiburi chake chote. Nyumba itabaki na kuku.

Nimefika kwa mama, na hapa ndipo kalamu inaponishinda.

Nilimwambia siku ile ile tuliyotoka mtoni. Baiskeli tulikuwa nayo, Melkiori ameibeba mabegani. Mama aliitazama, akaigusa keria, akasema, "Kumbe aliiuza. Nauli ya Mererani alipata wapi, nilikuwa najiuliza." Nikamwambia habari ya sauti. Akaniambia mimi ni mtu mzima, nina watoto, na bado naamini hadithi za jini la Singe. Nikataja hitma. Akainuka akaingia ndani akafunga mlango, na kesho yake alinisalimia kama kawaida, akaniuliza kama nimenunua majani ya chai. Tangu hapo hajakataza mtu kulia. Anamwacha kila mtu alie, kisha anamwambia pole na kumuuliza amefiwa na nani.

Wiki iliyopita Mama Anselmi na mumewe walikuja. Walitembea tangu alfajiri, wamevaa nguo zao za kanisani, mzee amebeba debe la mbaazi. Nilipowaona mlangoni nikasema afadhali, leo mama atalia, maana hakuna mzazi atakayesikia habari ile kutoka kinywani mwa aliyeisikia kwa masikio yake asilie. Nilikuwa namtakia mama kilio kama wengine wanavyowatakia wazazi wao afya.

Mama aliwapokea vizuri. Akawatandikia mkeka mpya, akawapa chai na maandazi. Mama Anselmi alishuka kwenye mkeka akapiga magoti sakafuni, akaeleza yote, hakuficha kitu, hata lile la kumshika mumewe sweta. Akasema, "Mama Bushiri, mwanao alituita, tukanyamaza. Nisamehe au unilaani, vyote nitapokea." Alikuwa analia mpaka maneno yanakatika. Baba Anselmi naye alikuwa amevua kofia, machozi yanamdondoka hajifuti.

Mama alimwinua kwa mkono. Akamfuta uso kwa upande wa khanga yake mwenyewe. Akamwambia, "Usilie, mwenzangu. Mlifanya vizuri kunyamaza. Lile lilikuwa jini, lingewamaliza. Mwanangu yupo Mererani."

Na wao, kaka, walipona. Niliona kwa macho yangu. Yule mama alimtazama mama yetu kama mtu aliyefunguliwa kamba, akashika mikono yake akaibusu, akamshukuru, akamshukuru tena. Mzee peke yake aliniangalia mimi, na mimi nikaangalia pembeni. Waliondoka wamenyooka migongo. Mama akawasindikiza hadi barabarani, akarudi akachambua mbaazi zao, akazipika, akasema ni nzuri. Tulikula.

Mpaka sasa sijajua ni kipi kilichoniuma zaidi, kwamba walinyamaza, au kwamba mama amewabariki kwa kunyamaza.

Basi nisikilize. Usiniandikie mawaidha. Barua zako za mawaidha ni nzuri, tunazisoma, tunazikunja, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Njoo. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kopa nauli kwa mtu yeyote, njoo. Miaka minne hujakanyaga hapa. Mimi mama ananiona mtoto anayeogopa giza, Baba Muhammad ni mkwe na hawezi kufunua mdomo. Wewe ndiye mwanawe wa kwanza, neno lako ndilo hulikubali. Sheikh amesema hitma tunaweza kusoma msikitini bila mama kuwepo, lakini nitamsomeaje ndugu yangu kwa kujificha, kama mwizi, huku mamake amekaa nyumba ya pili anamchagulia shati la kumpokelea? Mimi nimechoka. Sina tumaini kubwa kwamba hata wewe utaweza. Nakuita tu kwa sababu siwezi kukaa kimya.

Baba Muhammad anakusalimu, na Muhammad anauliza kama Tunduru bado kuna tembo wanaoingia shuleni. Shadya anakusalimu wewe na wifi, anaomba mumsamehe kwa lolote, anaondoka akiwapenda. Mbusu Sijaona na watoto kwa ajili yangu. Melkiori hakujui lakini naye amesema nimtaje, anasema pole.

Mama anakusalimu sana. Nimemwambia naandika kukuita, amefurahi, uso umenawiri kama zamani. Ameniagiza nisikose kuandika haya: kwamba ukija, maadamu gari lako litapita njia ya Moshi, ushuke kwanza Mererani, umtafute mdogo wako, umwambie baiskeli yake imeonekana, na mrudi nyote wawili.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, na amrehemu yule ambaye hatuna pa kumzika.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokugombeza,

Tunu